Alan Turing na Makosa ya Mashine Ubaoni

Alan Mathison Turing alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Juni 1912. Alisoma shule ya Sherborne, kisha mwaka 1931 akajiunga na Chuo cha King's, Cambridge, kusomea hisabati. Mwaka 1936 alichapisha makala iliyoeleza mashine ya kufikirika inayotekeleza kanuni moja baada ya nyingine. Msingi wa kompyuta za leo umo humo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, alipelekwa Bletchley Park kufumbua ujumbe wa siri ambao Wajerumani waliuficha kwa mashine ya Enigma. (Wapolandi walikuwa wametangulia katika kazi hiyo, watahiniwa wengi husahau kuwataja.) Miongoni mwa wenzake walikuwamo mabingwa wa sataranji kama Hugh Alexander na Harry Golombek. Turing aliupenda mchezo huo ingawa hakuwa hodari. Golombek aliweza kuanza bila malkia na bado akamshinda.

Mwaka 1948, akishirikiana na David Champernowne, Turing alianza kutunga kanuni za kuifanya mashine icheze sataranji. Programu hiyo hujulikana kama Turochamp. Kila kete ilipewa thamani: askari 1, farasi 3, askofu 3.5, ngome 5, malkia 10. Programu ilitazama hatua yake na jibu la mpinzani, kisha ikafuata kete zinazoliwa mpaka ubao utulie. Alama ndogo zilitolewa kwa mambo mengine, kwa mfano askari kusonga mbele.

Turochamp haikuwa bado imeingizwa katika kompyuta yoyote. Kwa hiyo mwaka 1952, mjini Manchester, Turing mwenyewe alijigeuza mashine. Aliketi na karatasi akakokotoa kila hatua kwa mkono, takriban nusu saa kwa hatua moja. Mpinzani wake alikuwa Alick Glennie, mtaalamu wa kompyuta. Turochamp ilishindwa baada ya hatua 29.

Namna ilivyoshindwa inastahili kutazamwa kwa makini. Katika hatua ya 7 na ya 8 ilisukuma askari wa pembeni, mmoja kila upande, bila mpango wowote. Mchezaji wa kawaida angecheka. Lakini kanuni zilimpa askari alama kwa kusonga mbele, na programu haikuona jambo jingine la maana la kufanya. Ilitii.

Kosa la mwisho lilikuwa zito zaidi. Malkia wake alimla askari aliyeonekana kuwa wa bure. Glennie akaleta ngome kwenye safu ileile, na nyuma ya malkia, katika safu hiyohiyo, alisimama mfalme. Malkia hakuweza kutoka kwenye safu bila kumwacha mfalme wazi, na kama angeila ngome, naye angeliwa. Turochamp ilikuwa imehesabu faida ya askari mmoja. Kuliwa kwa malkia kulikuwa hatua moja tu kupita pale macho yake yalipokoma. Kasoro hii ilizisumbua programu za sataranji kwa miaka mingi baadaye.

Turing hakuuficha mchezo huo. Aliuchapisha mwaka 1953 katika kitabu kilichohaririwa na B. V. Bowden, akiandika mwenyewe maelezo kuhusu hatua mbaya. Alianza pia kuiandikia kompyuta ya Manchester programu hiyo pamoja na Machiavelli, programu ya Donald Michie na Shaun Wylie, ili mashine hizo mbili zipambane. Hakumaliza. Mwaka huohuo wa 1952 alitiwa hatiani kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza, akalazimika kuchagua kati ya jela na matibabu ya homoni. Alichagua matibabu. Alifariki kwa sumu ya sianidi tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41, na uchunguzi ukaamua kuwa alijiua. Msamaha wa kifalme ulitolewa mwaka 2013.

Wataalamu walipokuja kuziingiza kanuni zake katika kompyuta, waligundua jambo lisilotarajiwa. Mashine haikurudia mchezo wa 1952: hata hatua ya kwanza ilikuwa tofauti. Mwaka 2012, Manchester, Garry Kasparov aliishinda kwa hatua 16. Hivyo mchambuzi wa mchezo wa Glennie ana maswali mawili kwa kila kosa: je, lilitokana na kanuni, au na mkono wa Turing alipokuwa akikokotoa?