Anuarite Nengapeta na usiku ule wa Isiro

Kila tarehe 1 Desemba, Wakatoliki wa Isiro, Wamba na pande nyingi za Kongo wanamkumbuka Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite. Shule na maparokia yana jina lake, na wasichana wengi vilevile. Lakini habari ya maisha yake wengi wanaijua kwa kifupi tu.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Wamba, leo katika jimbo la Haut-Uélé, kwa Wabudu. Wazazi walimwita Nengapeta, maana yake mali inadanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake mkubwa: siku ya kumuandikisha shuleni waliandika jina la yule mwingine, na likabaki hivyo. Baba yake alipata mabinti tu. Kwa sababu alitaka mtoto mwanaume, alimfukuza mama na kuoa mwingine. Hiyo ni habari ambayo familia nyingi za kwetu zinaijua vizuri.

Akiwa bado msichana, alijificha kati ya wenzake ndani ya kamioni iliyokuwa inapeleka wasichana Bafwabaka, kwa Masista wa Jamaa Takatifu. Mama yake hakuwa na habari. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, na safari hii wazazi walikubali, wakatoa mbuzi wawili. Alifundisha watoto, alipika, alitunza sakristia. Hakuwa malaika: alikuwa mwepesi wa kukasirika, na sista aliyekosa alimuambia wazi. Lakini kazi ambayo wengine walikimbia, yeye aliishika bila kuitwa.

Mwaka wa 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa parashuti Stanleyville, leo Kisangani, na waasi wakapoteza mji. Hasira ikawa kubwa. Siku tano baadaye kamioni ya Simba ilifika Bafwabaka, ikabeba masista wote pamoja na wanovisi. Njiani wakalazimishwa kutupa rozari na misalaba. Anuarite alibaki na sanamu ndogo ya Bikira Maria mfukoni.

Jioni ya tarehe 30 walifika Isiro. Kanali mmoja, Ngalo, alimuona Anuarite, akasema huyo ndiye atakuwa mke wake. Kanali Pierre Olombe akapewa kazi ya kumshawishi. Anuarite alikataa. Mama Léontine Kasima, mkubwa wa masista, alisimama mbele yake na kueleza kwamba binti huyu ameweka nadhiri. Wakamtisha Mama kwamba atauawa. Hapo Anuarite aliomba wamuache Mama, wamuue yeye peke yake. Chakula kilipokuja, masista walikula kidogo, yeye hakuweza.

Usiku Olombe alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Alimchukua pamoja na Sista Bokuma, akataka kuwaingiza wote wawili ndani ya gari. Walikataa. Akawapiga kwa kitako cha bunduki. Bokuma alivunjwa mkono, akazimia. Anuarite, huku anapigwa kichwani, alimuambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa sababu hajui anachofanya. Olombe akaita vijana wake, wakamchoma kwa singe, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Masista walimbeba ndani akiwa bado anapumua. Alikufa mbele yao, ikiwa imeshaingia tarehe 1 Desemba. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Kuna watu wanaosimulia habari hii kana kwamba mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu na akabaki hai alipungukiwa na kitu. Hapana. Katika majimbo yetu, ambako wamama wengi wamepitia mikono ya watu wenye silaha, maneno ya namna hiyo ni jeraha la pili. Bokuma alikataa sawasawa na Anuarite, na yeye aliishi. Kosa lote la usiku ule lilikuwa la wale waliobeba bunduki. Na yule aliyekuwa na haki zaidi ya kumlaani Olombe ndiye aliyemsamehe, bila mtu kumuomba, bila Olombe mwenyewe kutubu.

Alizikwa haraka katika kaburi la watu wengi. Mwaka wa 1965, miezi nane baadaye, walipofukua, ile sanamu ndogo ilisaidia kumtambua. Tangu 1978 mabaki yake yako katika kanisa kuu la Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa, mbele ya umati mkubwa. Siku ileile, kwa kumfuata Anuarite, Papa alitangaza kwamba na yeye, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe aliyemuua.