Sheikh Al-Amin na Shamba Lililouzwa

Bibi yangu alizaliwa Kisauni, ndani ya shamba la minazi la babake. Shamba lile liliuzwa likaliwa kwenye harusi ya siku saba. Mimi nimezaliwa Majengo, kwenye nyumba yetu iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu, na kodi ya ardhi twailipa hadi leo. Tulichobaki nacho ni fungu la urithi katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale, upande wa mama.

Ndiyo maana humkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui, Allah amrehemu. Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891. Alifiwa na babake angali mdogo, akalelewa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit. Alipokuwa na miaka 17 ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Wapwani walitakiwa wapeleke madai yao yaandikwe. Aliyepata hati aliweza kuuza upesi. Asiyejitokeza, ardhi yake ilihesabiwa ya Serikali. Wengi waliuza.

Sheikh alishika kalamu. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Wakoloni hakuwanyamazia, lakini lawama nzito aliwatwika wenziwe: waliouza mashamba ili wapate kutamba kwa harusi na matanga, na waliodharau kazi ya mikono huku wageni wakitajirika nayo. Aliwataka washike biashara, ufundi na elimu, wake kwa waume. Hayo hayakumpendeza kila mtu. Juu ya hivyo alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Ndiye babake Profesa Ali Mazrui, kwa wasiojua.

Mimi naona mahali pengine alitukalia ngumu. Si kila shamba liliuzwa kwa pilau. Mengine yalikwenda kwa maradhi na madeni. Lakini la Kisauni najua lilivyokwenda.

Leo Buxton zimesimama ghorofa mpya ziitwazo za bei nafuu, na kijana wetu mwenye kibarua cha bandarini huzitazama akipita. Mwezi ujao tuna harusi nyumbani. Juzi mjomba aliuliza hati ya nyumba ya Kibokoni iko wapi. Sijamjibu.