Priscilla White: Daktari aliyesaka dalili katika damu ya waja wazito

Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka wa 1921, mwanamke mwenye kisukari aliyeshika mimba aghalabu alifariki, na mwanawe vilevile. Insulini iliwaokoa akina mama. Watoto waliendelea kufia tumboni, wengi wakiwa wamebakiza majuma machache tu wazaliwe.

Kitendawili hicho ndicho alichokabiliana nacho Dkt Priscilla White alipojiunga na Dkt Elliott Joslin mjini Boston, Marekani, mwaka wa 1924. Alizaliwa jijini humo mwaka wa 1900, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Tufts, kwa kuwa Harvard haikuwapokea wanawake katika taaluma hiyo hadi 1945.

Alipoanza kazi, asilimia 54 tu ya mimba za wagonjwa hao zilileta mtoto hai. White hakuwa na miujiza. Aliwataka wagonjwa wafike kwake mara kwa mara, akadhibiti lishe na sukari yao, kisha akaagiza mtoto atolewe mapema, mara nyingi kwa upasuaji. Mwaka wa 1949 alichapisha mpangilio wa herufi kuanzia A, akiwagawa waja wazito kulingana na umri waliopatwa na ugonjwa, miaka waliyougua na madhara katika mishipa na figo. Madaktari wa nchi nyingi waliutumia kwa miongo kadhaa.

Lakini alitaka zaidi: ishara ndani ya damu yenyewe. Alipima gonadotropini, homoni ya kondo la nyuma ambayo ni protini, akiamini kwamba ikizidi mtoto yu hatarini. Tiba aliyoichagua ilikuwa homoni, ikiwemo stilbestroli. Watoto walizidi kupona, naye akazipa homoni sehemu ya sifa, ilhali alikuwa amebadilisha mambo mengi kwa pamoja.

Wanaomsifu wasiuruke ukurasa huu. Mwaka wa 1955 jaribio la Uingereza lilibainisha kuwa homoni hizo hazikuwa na faida yoyote. Mwaka wa 1971, madaktari wa Boston kwenyewe walihusisha stilbestroli na saratani adimu ya uke kwa wasichana ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito.

Utunzaji wake wa karibu, hata hivyo, ulidumu. Alistaafu mwaka wa 1974, watoto zaidi ya asilimia 90 wakinusurika. Mwaka wa 1960 alikuwa mwanamke wa kwanza kutuzwa Nishani ya Banting. Alifariki mwaka wa 1989.

Protini inayotegemewa zaidi sasa katika kufuatilia kisukari ni himoglobini iliyoshikamana na sukari. Kwa mja mzito nayo huweza kupotosha, maana chembe zake nyekundu za damu hubadilika upesi. Ndiyo sababu, kati ya juma la 24 na la 28, bado hupewa maji ya sukari anywe, asubiri, kisha atolewe damu.