Imam Abu Hanifa: Mfanyabiashara Asiyeficha Kasoro

Ndugu msomaji mpendwa, huenda umeingia katika Islam juzi tu, au ungali ukiichunguza, nawe umezoea kudhani kwamba dini ni sala, saumu na mawaidha, na kwamba biashara ina kanuni zake nyingine. Yafaa basi uyatazame maisha ya Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Waislamu wamjua kuwa mwanachuoni mkubwa wa fiqhi. Si wengi wakumbukao kwamba alikuwa pia mwenye duka, na kwamba aliyoyafundisha juu ya mali ya watu aliyatenda kwanza yeye mwenyewe sokoni.

Jina lake lilikuwa Nu'man bin Thabit. Alizaliwa katika mji wa Kufa, nchini Iraki, mwaka 80 wa Hijra, yaani mwaka 699. Ukoo wake ulikuwa wa asili ya Kiajemi, na kazi yao ilikuwa kuuza nguo za hariri. Yasimuliwa kwamba siku moja, akiwa kijana aendaye sokoni, alikutana na mwanachuoni Shaabi, ambaye aliuona upesi wa akili yake akamhimiza ahudhurie baraza za elimu. Maneno hayo yalimwingia moyoni. Akawa mwanafunzi wa Sheikh Hammad kwa muda wa miaka kama 18, mpaka mwalimu wake huyo alipofariki mwaka 120 wa Hijra, naye akakikalia kiti chake cha kufundishia.

Hata hivyo hakulifunga duka. Alifanya biashara kwa ubia, wabia wake wakisafiri na bidhaa hali yeye akifundisha. Kwa pato hilo aliishi, akawasaidia wanafunzi maskini, wala hakuhitaji zawadi za watawala.

Mmoja wa wabia hao aliitwa Hafs bin Abdurrahman. Mara moja Imam alimpelekea shehena ya nguo, akamjulisha kwamba nguo fulani miongoni mwake ina kasoro, na kwamba aibainishe kasoro hiyo kwa mnunuzi kabla ya kuiuza. Hafs aliziuza nguo zote, lakini akasahau kuitaja ile kasoro, wala hakumjua tena aliyeinunua. Imam alipopata habari hiyo, aliitoa sadaka thamani ya shehena nzima. Baadhi ya wasimulizi wametaja kuwa ilikuwa dirham 30,000, na kwamba baada ya hapo alivunja ubia na Hafs.

Tafakari jambo hili, msomaji. Hafs hakuiba, bali alisahau tu. Tena Imam alikwisha timiza wajibu wake wa kumwonya mbia wake, na nguo yenye kasoro ilikuwa moja tu. Mbona basi akatoa thamani ya zote? Ni kwa sababu alijua kwamba wajibu wa kusema kweli hauishi kwa kumwagiza mwenzio. Haki ni ya yule anayetoa fedha yake, na maadamu habari haijamfikia yeye, haijafika. Fedha ya mnunuzi yule asiyejulikana ilikuwa imekwisha changanyika na fedha nyingine, na Imam hakutaka kula faida iliyopatikana kwa kunyamaza, ijapokuwa unyamavu wenyewe haukukusudiwa.

Hali kadhalika, bibi mmoja mzee alimjia akaomba auziwe nguo kwa bei ile ile aliyoinunulia Imam. Alimwambia atoe dirham nne. Bibi akadhani anafanyiwa mzaha, kwani nguo ilikuwa ya thamani kubwa. Ndipo Imam akamfunulia hesabu yake: alinunua nguo mbili, akaiuza ya kwanza kwa mtaji wote kasoro dirham nne, basi hii ya pili imemgharimu nne tu. Ni wafanyabiashara wangapi wanaoweza kumfunulia mteja hesabu namna hiyo bila kuona haya?

Mambo haya hayakuwa ukarimu wa mtu mmoja tu. Ndiyo sheria. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akaukuta umande ndani yake, akamlaumu mwenye mali kwa kutoiweka juu watu waione. Naye Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Baqarah, aya ya 283, ameamuru mikopo ya muda iandikwe na ishuhudiwe, iwe midogo au mikubwa. Juu ya misingi hiyo wanachuoni wa fiqhi walieleza kwamba mnunuzi aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha kitu. Anayefanya kazi kwa mtaji wa mwenziwe ni mwenye amana. Mtaji sharti ujulikane kiasi chake, na mgawo wa faida upatanwe tangu mwanzo.

Uaminifu huo ulimgharimu Imam zaidi ya fedha. Ibn Hubaira, liwali wa Iraki katika siku za mwisho za Bani Umayya, alitaka kumkabidhi muhuri wa serikali, ili pasitoke hati wala mali ya hazina ila kwa mkono wake. Wengine wangeiona ni heshima kuu. Yeye alikataa kutia muhuri juu ya amri za watu ambao hakuridhika na matendo yao, akachapwa viboko siku kadhaa, kisha akaenda Makka. Baadaye Khalifa Mansur wa Bani Abbas alimtaka awe kadhi, akakataa tena, akafungwa. Alifariki Baghdad mwaka 150 wa Hijra, yaani 767, na wengi wasimulia kuwa alikuwa kifungoni. Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad (a.s.), alimtaja Imam huyu kwa heshima kubwa, akiisifu akili yake katika kufahamu maana za Kurani Tukufu.

Sasa wewe unayeishi Mtera, kando ya bwawa la Mto Ruaha Mkuu, usiseme kwamba hayo ni ya Kufa na wafanyabiashara wa hariri. Wavuvi wanaposhirikiana, mmoja akatoa mtumbwi, wa pili nyavu, na wa tatu nguvu za mikono yake, hiyo tayari ni kampuni. Aliyebaki nyumbani hakuona ni samaki wangapi waliovuliwa usiku, wala kwamba wavu umepasuka, wala kwamba kuna deni dukani. Yeye hana macho ila ulimi wa mwenziwe na daftari.

Tena tumekwisha ona katika nchi hii matokeo ya daftari lililofungwa. Tume iliyochunguza vyama vya ushirika Tanzania mwaka 1966 iliona kwamba udhaifu wao mmoja mkubwa ni wanachama kutoelewa mambo ya vyama vyao wenyewe, na pamoja na hayo ikakuta utovu wa uaminifu. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mpango wa DECI, ambamo watu waliitwa wapande mbegu za fedha wavune maradufu. Wengi walipanda bila kuuliza ni biashara gani izaayo mavuno hayo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukishika fedha za watu, andika kila kiingiacho na kila kitokacho, nawe uwasomee wabia wako hesabu kabla hawajaiomba. Hasara itaje siku ile ile, kasoro ya mali itaje kabla ya bei. Ukiwa ni wewe unayetoa mtaji, uliza, wala usione kuuliza ni kumtukana mwenzio. Majirani zako ambao bado wanaichunguza Islam pengine hawatasoma vitabu vyetu, lakini hesabu yako wataisoma. Imetufikia katika Hadithi kwamba Mwenyezi Mungu huwa wa tatu wa wabia wawili maadamu hakuna amhiniye mwenziwe, na hiana ikiingia, hujitoa kati yao. Hakuna mtaji unaoweza kuziba pengo hilo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli misikitini na sokoni. Amin.