Sayyid Barghash: Mfalme wa Maji na Taa

Mpangaji wa Gatina, huko Kawangware mjini Nairobi, akiwasha shawa ya umeme alfajiri apate maji ya moto, hadhani kwamba ana deni lolote kwa Unguja ya kale. Deni analo, na mdai wake ni marehemu Sayyid Barghash bin Said.

Barghash alikuwa mmoja wa wana wengi wa Sayyid Said bin Sultan. Baba alipofariki mwaka 1856, kiti cha Unguja kilichukuliwa na ndugu yake, Sayyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliasi, Waingereza wakamsaidia Majid, naye akapelekwa uhamishoni Bombay, mji ambao wakati huohuo ulikuwa ukianza kupata maji ya bomba kutoka Vihar. Alirejea kwao, akastahimili, na Oktoba 1870 akakalia kiti.

Alirithi mji wenye majonzi. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilikuwa kimeua watu wengi. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1873 Waingereza wakamlazimisha kufunga soko la watumwa. Tusifiche: sehemu kubwa ya utajiri wa dola ile ilitokana na jasho la watumwa.

Hata hivyo, mali aliyokuwa nayo hakuitumia kwa fahari peke yake. Alijenga mfereji wa kuleta maji safi ya chemchemi mpaka mjini. Akamtumia Haji Gulamhussein, mjenzi kutoka Shiraz, kujenga hamamu ya umma katika mtaa ambao hata leo unaitwa Hamamni. Moto wa kuni ulipasha maji na vyumba vyake, na moto mmoja ukatosheleza waogaji wengi. Hamamu hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1920 ilipokaribia.

Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililong'arishwa kwa taa za umeme. Kwa mujibu wa historia ya shirika la umeme la Kenya, jenereta ya Sayyid Barghash ilinunuliwa mwaka 1908 na tajiri wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nairobi. Basi nyaya za Gatina na taa za mfalme zina ukoo mmoja.

Tofauti ni kwamba gharama zake mfalme alizilipia hazina, na mpangaji hulipia tokeni. Shawa ya kilowati 5 ikiwaka dakika 12 hula uniti 1 nzima. Ndoo ya lita 20 ikipashwa kutoka nyuzi 18 hadi 40, joto linalotosha mwili, huhitaji nusu uniti tu. Kuchemsha maji hadi yatokote kisha kuyazimua kwa ya baridi hakuongezi faida, ila joto jingi hupotelea hewani njiani.

Siku hizi upo mtambo uitwao pampu ya joto, unaofanya kazi kama friji iliyogeuzwa: huchota joto la hewani na kulitia majini. Kwa uniti 1 ya umeme hutoa joto la uniti 3 hivi. Ndoo ile ingegharimu sehemu ya sita ya uniti. Bei ya mtambo si ya mpangaji mmoja, lakini mwenye ploti ya vyumba ishirini angeweza kuuweka mmoja pamoja na tangi, akifanya lile lililofanywa Hamamni. Tangi lenyewe liwekwe nyuzi 60, maana maji ya vuguvugu yakilala humo huzaa vijidudu; mwogaji atayapoza bombani.

Na kipimo cha matumizi tunacho tangu zamani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi.

Sayyid Barghash alifariki Machi 1888, Wajerumani na Waingereza wakiwa wamekwisha kugawana bara yake. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020. Dola imekwenda, jumba limepasuka. Kilichobaki ni yale aliyowafanyia watu wote kwa pamoja.