Heinrich Hertz na Cheche Iliyofupika Gizani

Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali.

Heinrich Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 mjini Hamburg, Ujerumani. Alianza kusomea uhandisi, kisha akahamia fizikia na kupata shahada ya uzamivu mjini Berlin mwaka 1880.

Mwaka 1885 aliteuliwa kuwa profesa mjini Karlsruhe. Huko alitaka kuthibitisha nadharia ya James Clerk Maxwell kwamba yapo mawimbi ya sumakuumeme yasafirio hewani. Alitengeneza kifaa cha kurushia mawimbi kwa cheche kubwa ya umeme, na kipokezi chenye pengo dogo. Mawimbi yalipofika, cheche ndogo iliruka pengo hilo. Cheche hiyo ilikuwa hafifu mno, hivyo mwaka 1887 akaifunika kwa kasha jeusi apate kuiona vizuri. Kinyume na matarajio yake, ilizidi kufupika.

Hertz angeweza kuliondoa kasha na kuendelea na kazi yake. Lakini aliweka kando utafiti wa mawimbi kwa miezi kadhaa ili atafute chanzo cha badiliko hilo dogo. Alipoweka kioo kati ya cheche mbili, cheche ndogo ilifupika. Alipoweka kwatsi, jiwe ling'avu mithili ya kioo, haikufupika. Kioo huzuia miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, ilhali kwatsi huipitisha. Akatambua kwamba miali hiyo, iliyotoka kwenye cheche kubwa, ndiyo iliyousaidia umeme kuruka pengo. Aliyachapisha matokeo bila kudai kwamba anajua sababu yake. Kisha akarudi kwenye mawimbi na kuyathibitisha mwaka 1888.

Hertz aliugua na kufariki mjini Bonn tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36. Sababu aliyoikosa ilielezwa na Albert Einstein mwaka 1905: mwanga huja kama vifurushi vya nishati viwezavyo kung'oa elektroni kwenye metali.

Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha picha za rangi miaka ya 1970, ilitegemea mambo hayo mawili: kamera iligeuza mwanga kuwa umeme, na mawimbi yakabeba picha hadi majumbani. Leo wanasayansi hutumia mwanga kuruhusu au kuzuia umeme katika vifaa vinavyopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kizio cha marudio ya mawimbi, hezi, kimepewa jina lake.

Maswali
1. Kwa nini Hertz aliifunika cheche ndogo?
2. Eleza jinsi kioo na kwatsi vilivyomsaidia kupata jibu.
3. Fafanua tabia mbili za Hertz zinazomfaa mtafiti.
4. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.