Henrietta Leavitt: Mkokotozi Aliyeupa Ulimwengu Kipimo

Atokaye Kitengela usiku kwa barabara ya Namanga huziona nyota zikiongezeka kadiri taa za mji zinavyobaki nyuma. Akifika Kajiado katikati ya mwezi wa Novemba, mnamo saa tatu usiku, na lau mawingu ya vuli yatamhurumia, ataona upande wa kusini doa hafifu jeupe, mfano wa moshi. Hilo ni Wingu Dogo la Magellan. Akigeuka kaskazini, wakati uo huo, ataona doa jingine: galaksi ya Andromeda. Makala haya yanamhusu mwanamke aliyelichunguza doa la kwanza, na kwa kufanya hivyo akawawezesha wengine kulipima la pili.

Henrietta Swan Leavitt, binti wa mchungaji, alizaliwa tarehe 4 Julai 1868 mjini Lancaster, Massachusetts, nchini Marekani. Alihitimu masomo ya chuo mwaka 1892, kisha akajiunga na kituo cha elimu ya nyota cha Harvard. Kwanza bila ujira, baadaye kwa senti 30 kwa saa. Masikio yake yalikuwa yakififia. Wanawake wa kazi hiyo waliitwa kompyuta, yaani wakokotozi. (Wanasarufi wa enzi hizo wangelazimika kuiweka kompyuta katika ngeli ya A-WA!) Walikagua picha zilizopigwa kwenye sahani za kioo. Picha za Mawingu ya Magellan zilitoka Arequipa, Peru, kwa kuwa mawingu hayo hayaonekani kutoka Massachusetts. Tunachokiona bure Kajiado, yeye alikisoma kwenye kioo.

Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka. Mwaka 1912 alizichambua 25 za Wingu Dogo, za aina iitwayo sefeidi, akathibitisha kwamba nyota yenye mng'ao mkubwa zaidi huchukua muda mrefu zaidi kukamilisha mzunguko wake. Iliyokawia kuliko zote ilichukua siku 127. Taarifa hiyo ilitoka kwa sahihi ya mkuu wake, Edward Pickering, ingawa ilieleza kwamba kazi ni ya Leavitt.

Uzito wa jambo hili ni upi? Msafiri aonaye taa hafifu mbugani hajui kama ni koroboi iliyo karibu au karabai iliyo mbali. Lakini taa zote zikiwa katika boma moja, tofauti anayoiona ni tofauti ya kweli. Wingu Dogo lilikuwa boma la Leavitt. Mwaka 1913 Ejnar Hertzsprung wa Denmark alikadiria umbali wa sefeidi za karibu nasi, na hapo kipimo kikapata mizani. Kuhesabu siku na kupima mng'ao kulitosha. Hakuna aliyehitaji kudhani kwanza ulimwengu umeumbwaje.

Leavitt alifariki kwa saratani tarehe 12 Desemba 1921. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble aligundua sefeidi katika Andromeda, akaonyesha kwamba doa lile liko nje kabisa ya galaksi yetu. Umbali wake wajulikana leo kuwa takriban miaka ya mwanga milioni 2.5. Mwaka 1929 Hubble alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia Leavitt akinuia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilimkosa kwa zaidi ya miaka mitatu. Mimi naona kwamba kuchelewa huko kunashtakiwa na ile sahihi ya 1912.

Sefeidi hizo ndizo zilizotumiwa kusawazisha umbali wa nyota zilipukazo, na mwaka 1998 nyota hizo zikafichua kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi. Ngazi ya Leavitt hutoa kasi ya takriban kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Njia ya pili, isomayo mwanga mkongwe wa mwanzo wa ulimwengu, hutoa takriban 67. Nayo hulazimika kukubali kwanza nadharia kuhusu maada iliyomo, inayoonekana na isiyoonekana. Pengo hilo halijazibwa, na wanaobishana bado wanazirudia sefeidi, nyota kwa nyota, kukagua mng'ao wake.